Malipo Yaliyotangulia Magari

Kazi yangu London ilikuwa kuandaa ratiba za malipo kwa nchi za nje zinazonunua vifaa vya kijeshi kupitia serikali ya Uingereza. Mnunuzi hulipa kwa awamu, kabla kiwanda hakijamaliza kazi, kwa hiyo hazina yake huitegemea ratiba yetu kupanga bajeti. Ratiba ikikosea, kuna watu huko wanaokosa kitu.

Mwaka ule nilikabidhiwa mkataba wa nchi moja ya kwetu, Afrika Mashariki: magari ya wagonjwa ya jeshi. Nilifurahi, mpaka nilipopiga simu kiwandani. Msimamizi akaniambia injini hazijafika na hajui zitafika lini. Ratiba yetu bado ilidai awamu kubwa kuliko zote kabla ya Pasaka, kana kwamba magari yako tayari.

Nilimwendea bosi wangu. Si mtu mbaya. Alisema ratiba hupitiwa mara moja kwa mwaka, na wakati wake haujafika. Nikaandika maombi ya kuibadilisha, yakarudi yamekataliwa. Nikaandika tena, yakarudi. Kwenye treni ya kurudi Edmonton, mtaa wetu wa kaskazini mwa London, nilifumba macho ili mtu asinisemeshe. Nyumbani mume wangu aliniita mara mbili tatu ndipo nimsikie.

Siku moja akapiga simu kanali, mwambata wa jeshi katika ubalozi wa nchi ile. Aliposikia shikamoo yangu alicheka. Kisha akaeleza kuwa hazina yao imeelemewa, na ili walipe itabidi wasimamishe ujenzi wa nyumba za askari. Familia za askari hao zilikuwa zinaishi kwenye mahema tangu mafuriko.

"Binti yangu, niambie wewe. Tulipe au tusubiri?"

Sikuwa na mamlaka ya kumjibu. Nilimwomba anisubiri hadi Ijumaa. Nikamsumbua msimamizi wa kiwanda asubuhi na jioni mpaka akanitumia tarehe za kweli za kila gari. Nilizipeleka kwa bosi pamoja na ratiba mpya, nikasimama mbele ya meza yake.

"Nikiondoka hapa bila saini yako," nilimwambia, "ndiyo naaga kazi."

Akasaini Alhamisi. Nikampigia kanali papo hapo.

"Tumeshalipa juzi," alisema taratibu. "Wakubwa waliogopa kuvunja mkataba."

Ratiba mpya ilipunguza awamu zilizofuata, na tangu hapo ofisi yetu huviuliza viwanda kwanza kabla ya kudai chochote. Bosi alinipongeza mbele ya wenzangu. Nilimshukuru, nikaenda chooni, nikafungulia maji ya bomba ili wasinisikie nikilia. Kule kwenye mahema, mvua za masika zilikuwa zimeshaanza.