Anti Hinano na Albamu ya Pili

Anti Hinano Keaweamahi alifua mashuka ya hoteli za mji wa Hilo, Hawaii, mpaka figo zikamgomea. Nilipomfahamu, tayari alikuwa na kiti chake kwenye kituo chetu cha kusafisha damu, kile kilicho karibu na redio, na hakuna mgonjwa aliyethubutu kukikalia. Kazi yangu ilikuwa kumuunganisha na mashine. Yake, kwa jinsi alivyojipangia mwenyewe, ilikuwa kuamua sisi wengine tusikilize nini.

Tulimwachia. Alikuwa ameimba sauti ya juu kanisani tangu usichana wake, na alisikiliza muziki kama hakimu anayesikiliza kesi, hakatizi mpaka mwisho. Akikuambia kijana fulani anapiga gitaa vizuri, ulikuwa huna haja ya kumuuliza mtu mwingine.

Mwaka huo kundi la Wai Noe lilitoa albamu ya pili. Walikuwa vijana watatu wa mtaa wa Panaewa, na ile ya kwanza ilikuwa imepigwa kwenye kila harusi na kila sherehe ya mtoto kutimiza mwaka, hadi watoto wakaikariri. Kilichowapa jina ni sauti ya mmoja wao, Kalena, mpakua mizigo wa bandarini, ambayo ilipanda juu ya wenzake bila kutumia nguvu. Baadaye wakakaa kimya muda mrefu. Sasa walikuwa wamerudi, na redio ikafungua laini za simu watu watoe maoni.

Wapo waliosifu maneno, kwamba Kihawaii chao kimekomaa. Lakini wengi walilalamika. Mama mmoja wa Puna alisema ni mchuzi usio na nyama. Mzee wa Keaukaha alisema alidhani spika yake moja imekufa.

Anko Ezera, aliyechunga ng'ombe Waimea maisha yake yote na sasa alikaa kiti cha pili kutoka kwa Anti, aliunga mkono huku akitafuna ngisi mkavu niliyekwisha kumkataza kwa sababu ya chumvi.

"Imepwaya," alisema. "Kama suruali yangu tangu nianze kuja hapa."

Anti Hinano alimwambia asubiri aisikie yote kwanza. Akaniomba niiweke kuanzia wimbo wa kwanza, na akatutangazia kwamba mwenye la kusema aongee na mashine yake.

Wimbo wa tatu ulihusu njia ya kwenda kwa bibi yao. Kwenye kiitikio zilisikika sauti mbili za chini, na juu yake, pale ambapo Kalena angeingia, palikuwa patupu. Gitaa dogo la ukulele peke yake lilizunguka pale kama linalomngoja mtu. Anti alikuwa amefumba macho, nikadhani kasinzia. Akaniambia niurudie. Nikaurudia. Kiitikio kilipofika tena, alifungua kinywa akaimba pale patupu, mkono wake umelala na sindano zake, sauti nyembamba lakini iliyonyooka. Iliingia kama iliyokatiwa kipimo. Anko Ezera aliacha kutafuna.

Anti akaniuliza Kalena yuko wapi siku hizi. Nikamwambia lile ambalo Panaewa yote ililijua: kodi ya nyumba ilimshinda, akamchukua mke na watoto wakahamia Las Vegas, Marekani bara, anabeba mizigo ya wageni hotelini.

Wana watatu wa Anti walikuwa huko huko. Aliwasindikiza mmoja mmoja uwanja wa ndege, akawavisha mashada ya maua, akarudi nyumbani. Aliwahi kuniambia kwamba bado anapika wali wa sufuria kubwa, mkono umeshazoea.

"Hawakutafuta mwingine," alisema. "Na mji huu umejaa vijana wa kuimba juu. Wamemwachia pahali pake."

Akaniomba simu, akapiga redioni. Mtangazaji alipompa nafasi, alianza na kasoro: wimbo wa tano ni mrefu mno, na ngoma ya wimbo wa mwisho arudishiwe mwenyewe. Mashine yake ikalia katikati ya maneno. Mtangazaji akauliza ni nini hicho.

"Ni mimi nasafishwa, tuendelee," alisema Anti. "Mnaosema imepwaya, haijapwaya. Kuna mtu hayupo, na wenzake hawakujifanya yupo. Kama na wewe una mtu wako bara, mwimbie hapo."

Siku zilizofuata watu walipiga simu wakaimba. Wengine walichapia vibaya, mtangazaji akawaacha wamalize. Yule mama wa Puna alipiga tena. Hakuomba radhi, aliimba tu, akakata.

Wai Noe walipotumbuiza kwenye uwanja wa Hilo, nilimsukuma Anti kwenye kiti cha magurudumu, Anko Ezera akatutangulia na kofia yake ya mchunga ng'ombe. Kwenye kiitikio kile vijana wawili walirudi nyuma, mbali na vipaza sauti, na uwanja mzima ukaingia juu. Wapo walioinua simu ili mtu wao wa bara asikie. Anti aliimba, machozi yakimtoka, hakuyafuta.

Baadaye mkubwa wao, Nakoa, alitutafuta. Aliinama akagusisha paji lake la uso na la Anti, salamu ya kwetu. Alieleza kwamba walikwisha kumrekodi mwimbaji mwingine, kisha wakamfuta kwa sababu hawakuweza kumsikiliza mahali pa Kalena. Albamu ikatoka wakiwa na hofu.

"Anti, tulidhani tumeiharibu."

"Wa tano mmeuharibu," alisema Anti. "Wa tatu, hapana. Huo mmeuimba kama watu waliolelewa."

Nakoa alicheka, akamuuliza wa tano ungerekebishwaje. Anti akamwambia avute kiti. Mvua ilikuwa imeanza, Anko Ezera alikuwa ananiambia albamu ya kwanza bado ni bora, na Anti na Nakoa hawakuonyesha dalili ya kuondoka.