Maji Niliyoyameza

Nilipokuwa mtoto, kwetu Matwebe hasira ya ndugu iliogopwa kuliko nyoka. Nyoka unamwona. Hasira, alisema bibi, hukaa moyoni kimya mpaka igeuke ubaridi, kisha ubaridi huo hutoka na pumzi na kumwingia mtu wa nyumba yako, anaanza kutetemeka.

Basi mdogo wangu Tusekile alipoanza kutetemeka, hakuna aliyetaja malaria. Bibi aliita ukoo, tukamzunguka mgonjwa mkekani, naye akazungusha kikombe cha maji. Kila mtu aseme lililo moyoni mwake, apige funda, ateme chini, yaishe. Wakubwa wakasema yao, nami masikio nimeyatega. Shangazi alikuwa na kinyongo na mama kwa ajili ya mkungu wa ndizi. Baba mdogo alikuwa na kinyongo na kila mtu. Utamu ule sijaupata tena.

Kikombe kikanifikia. "Na wewe, kamoyo kako kana nini?" bibi akauliza.

"Hakana kitu, bibi."

Uongo. Krismasi ile Tusekile alishonewa gauni jipya, mimi nikapewa la shangazi lililopunguzwa mabega. Nikapiga funda. Nikainama kama ninayetema. Nikameza.

Jioni hali ya mtoto ikawa mbaya, macho yakapinduka. Baba akambeba hadi zahanati, mimi nyuma nikilia. Dresa wa pale alikuwa Mwislamu wa kutoka Kondoa, mtu mpole. Alipomaliza kumchoma sindano nikamvuta koti, nikamnong'oneza kwamba anayemuua ni mimi.

Hakucheka. "Ni malaria, ya mbu. Moyo wako hauna sumu ya kumfikia."

"Kwa hiyo si kitu?"

"Nani kasema si kitu? Sisi tunafundishwa kwamba moyo ndio unaoelewa, na ukiharibika, mtu mzima ameharibika. Mdogo wako nitamtibu mimi. Huo wako utautibu mwenyewe."

Tusekile akapona. Wangu sikuutibu.

Sasa nimezeeka na nimechoka. Hata kusengenya kunanichosha, basi ujue hali ni mbaya. Mwezi uliopita daktari mmoja hapa Tukuyu, binti mdogo tu, alinionyesha moyo wangu kwenye kioo cha mashine, unarukaruka kama kifaranga. Akasema hiyo ni pampu ya damu, mawazo na chuki vyote viko kwenye ubongo. Halafu akauliza, "Bibi, kuna jambo linalokusumbua? Maana ukikaa na hasira, moyo unakimbizwa, presha inapanda."

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mmezunguka na mashine zenu mkarudi kulekule kwa dresa."

Hakunielewa. Nikarudi nyumbani, nikampigia simu Tusekile, yuko Kyimo. Miaka minne hatusemeshani, kisa maneno niliyoyapeleka kanisani juu ya mkwe wake. Yalikuwa ya kweli, lakini hayo tuyaache.

"Unataka nini?" akaniuliza.

"Kutema maji."

Nilimsikia akipumua, nikadhani atakata.

"Njoo," akasema. "Ila safari hii usimeze, dada. Siku ile nilikuwa nakuangalia."

Nimekaa kitandani, simu bado mkononi. Miaka yote hiyo alijua, asimwambie hata mama. Ningekuwa mimi, ukoo mzima ungejua kabla ndizi hazijaiva jikoni. Sijui siri hiyo aliiweka wapi, kichwani au moyoni. Popote alipoiweka, mimi mahali hapo sina.