Mtoto wa Kwenye Bango la Mbok Tukinem

Mbok Tukinem hubeba chupa za jamu mgongoni, kikapu kimefungwa kwa kitambaa, na kila asubuhi hupita uchochoro wetu akiita kwa sauti ya kukera majogoo. Jamu yake, dawa ya kunywa ya mitishamba, ni ya manjano na ukwaju, ya kutoa uchovu. Mimi nakaanga tempe, vipande vya soya, mkabala na nyumba yake, na bila glasi yake mgongo wangu hauamki.

Mwanawe aliyeko jijini Surabaya hataki kusikia biashara hiyo. "Mama, umri umekwenda. Wateja wakipungua nakuja kukuchukua." Kwake ni ghorofani, chumba na dirisha moja. Mbok alisema afadhali azikwe na kikapu chake.

Ndipo akamwita Pardi, yule anayepamba malori, amchoree tangazo ukutani. Pardi akachora mwanamke yuko hoi, mshale, glasi ya jamu, mshale, mwanamke yuleyule anacheka, na kiunoni kabeba mtoto.

"Mtoto wa nini?" nikauliza.

"Nimemwongeza tu, apendeze."

Apendeze! Kichwa maji yule.

Kesho yake Yu Lasmi, jirani yetu, alifuata mishale kwa kidole, akairudisha glasi bila kuionja. "Mbok, ninao watano! Unataka nizae timu ya mpira?"

"Hii ni ya uchovu, wewe!"

"Mishale naiona, sijapofuka."

Wanawake wakahamia kwa muuzaji wa ng'ambo ya daraja. Akabaki Nanik, aliyeolewa zamani na hajajaliwa mtoto. Alikunywa glasi mbili mbili, macho kwa yule mtoto.

Mbok akamwamuru Pardi amfute. Akampaka chokaa, likabaki doa jeupe kiunoni. Lo, ndipo tukaharibu kabisa!

"Alikuwepo, mama kanywa, sasa hayupo!" Yu Lasmi akatangaza, na wenye mimba wakaanza kupita upande wa pili wa njia.

Nanik alipoliona doa aliweka glasi chini. "Mbok, mbona umemfuta?" akasema, akalia. Mimi niliunguza tempe kikaangoni. Jioni yule mwana wa Surabaya akapiga simu: amesikia wateja wamekimbia, Jumapili anakuja.

Mbok akashika brashi mwenyewe. Akamrudisha mtoto pale kiunoni, kisha akachora mwingine kama yeye mwanzoni kabisa, kamning'inia shingoni yule mwanamke aliye hoi. Kichwa kama fenesi, lakini ni mtoto.

Yu Lasmi akaja na kidole chake. "Aaa! Kumbe anayemchosha mama wa watu ni huyu!" Akacheka hadi akashika mbavu. "Nipe mbili, Mbok. Mimi wa kwangu ni watano."

Jumapili mwanawe alikuta foleni. Kabla hajafungua mdomo, mama yake alimsukumia ndoo ya glasi aoshe, naye akaosha.

Nanik alikuja wa mwisho. Nikaacha kukaanga, maana sasa pale ukutani ile glasi haikuwa tena ya kumpa mtu mtoto. Mbok akammiminia, asimtazame usoni. Nanik akafuata mishale polepole, akarudi nyuma mpaka kwenye kile kichwa cha fenesi, akakigusa.

"Kumbe mtoto anatangulia."

"Anatangulia, Nduk, binti yangu. Jamu ni baadaye."

Nanik akaisogeza glasi. "Basi niwekee, Mbok. Bado sijachoka."

Mbok, ambaye tangu nimjue hajarudisha hata tone kwenye chupa, akaimimina yote ndani, akafunga kizibo.