Dakika Nne za Bi Mahfudha

Ni saa mbili kasoro robo asubuhi, Shimanzi. Lori la kwanza linasogea langoni mwa yadi ya kontena, dereva anagusisha kadi kwenye mashine, kizuizi kinainuka. Dakika moja na sekunde kumi. Dereva hajasema neno, na hakuna aliyemsemesha.

Truphosa Wekesa amesimama kando, simu mkononi, akipima. Mwanzoni mwa mwaka tarakimu hiyo ilimpa kichwa kikubwa. Leo anaiandika upesi na kugeuza uso, kama mtu aliyekutwa na mkwewe hajavaa vizuri.

Ana miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Bungoma, na huu ni mwaka wake wa tisa Mombasa. Kampuni ya uchukuzi inayomlipa shilingi elfu arobaini na mbili kwa mwezi imempa cheo kirefu cha uboreshaji wa taratibu za kazi. Mamake akimuuliza hasa anafanya nini, humjibu kwa maneno mawili: "Nafuata karatasi."

Huifuata kweli. Karatasi ya kuruhusu lori kutoka ikianza safari, naye huanza. Meza hadi meza, kila hatua huichorea kisanduku na mshale wa kwenda inayofuata, kisha hukiuliza kila kisanduku kinasaidia nini. Kisicho na jibu hufutwa. Kwa njia hiyo hatua kumi na moja zikawa saba, na lori lililokaa yadini dakika arobaini na saba likawa linatoka kwa dakika kumi na tisa. Wakubwa walifurahi. Keki ikakatwa, Truphosa akapigwa picha, picha ikatundikwa ukutani.

Kisanduku kimoja alichofuta kilikuwa cha Bi Mahfudha.

Bi Mahfudha, mama wa makamo kutoka Mji wa Kale, alikaa kwenye dirisha la lango miaka kumi na sita akipiga muhuri. Muhuri wenyewe ulichukua sekunde tano. Zilizobaki zote zilikwenda kwenye maamkizi. Sabalkheri, waamkaje, nyumbani hawajambo, yule mtoto homa imemwacha, na wewe je, umelala? Dereva alijibu moja baada ya jingine, kama ilivyo ada ya huku, na foleni ikangoja. Truphosa alipima: dakika nne kwa kila lori. Kwao pia watu huamkiana, anasema, lakini si mbele ya foleni ya malori.

"Niliona ni porojo za Wapwani," anakiri, na sauti inamshuka. "Na niliandika hivyo hivyo. Porojo."

Mashine ikawekwa. Bi Mahfudha akapewa barua na mshahara wa mwezi mmoja.

Wiki ya tano dereva mmoja, Masha, alitoka na kontena la futi arobaini, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Hakufika mbali. Pale Makupa usingizi ulimchukua, lori likapanda ukingo na kulala ubavu. Bahati hapakuwa na mpita njia. Masha alivunjika mguu mahali pawili. Ripoti ya kampuni ilikuwa ya ukurasa mmoja: uzembe wa dereva. Asimamishwe kazi, ikasema, na kikao cha wakubwa kitaamua kama atafutwa kabisa.

Truphosa alilirudia daftari lake la zamani, bila kujua anatafuta nini. Akakuta mwandiko wake mwenyewe, siku tatu tofauti: "Bi M. amezuia karatasi ya dereva. Amempeleka kantini. Sababu haijulikani. Dakika arobaini zimepotea."

Sababu haikujulikana kwa kuwa hakuuliza. Alipowauliza madereva hao sasa, wote watatu walimwambia jambo moja: siku ile walikuwa hawajalala, na yule mama aliwang'amua kwa jinsi walivyojibu salamu. Aliwalaza kantini kwanza, ndipo akapiga muhuri. Asiyejua maana haambiwi maana, na Truphosa hakutaka kuambiwa.

Lakini kinachomla zaidi si kosa lile. Ni kwamba baada ya kujua yote alilitia daftari kwenye droo, akanyamaza majuma matatu, na Masha yuko nyumbani akibeba lawama peke yake. Anasema chakula kilimshinda, na kanisani alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango.

Jumamosi iliyopita alasiri alijikaza, akaenda Mama Ngina, kando ya bahari, ambako Bi Mahfudha sasa anauza mihogo ya kukaanga. Mama yule alimwamkia yote, hakuruka hata moja, mpaka Truphosa machozi yakamtoka. Aliomba radhi, akaahidi kulipigania lile dirisha. Bi Mahfudha akawa anageuza mihogo yake.

"Mimi ulin'ondoa kazini, yamekwisha, nala jasho langu," alimwambia. "Lakini Masha umemtwika mzigo wako. Usije kwangu kabla hujenda kwake."

Akaenda kesho yake. Masha anaishi Majengo, chumba kimoja, mguu ungali kwenye plasta. Alidhani ameletewa barua ya kufutwa, na yeye ndiye aliyetangulia kuomba msamaha kwa kuitia kampuni aibu. Truphosa anasema hapo alitamani ardhi ipasuke. Alifungua daftari, akamsomea siku zote tatu, kisha akamweleza ni nani aliyeliondoa dirisha.

Ndipo Masha naye akaeleza yake. Kumbe siku mbili mfululizo kabla ya ajali alikuwa hospitalini, amekesha kando ya kitanda cha bintiye.

"Mashine haikuniuliza," alisema. "Bi Mahfudha angeniuliza. Na yeye nisingeweza kumdanganya."

Kikao ni Jumatatu. Truphosa ameshaandika barua mbili. Ya kwanza inaomba ripoti iandikwe upya, Bi Mahfudha arudishwe, na dakika zake nne zitambuliwe kuwa hatua ya kazi. Ya pili ni ya kuacha kazi, endapo watakataa kuiandika ripoti upya. Hajui Jumatatu jioni atakuwa mwajiriwa au la, na anaogopa, hafichi.

"Sitaki Masha aondolewe kwenye ripoti, aliendesha akijua amechoka, hata yeye anakubali," anasema. "Nataka waandike wa kwanza Truphosa Wekesa. Halafu yeye. Kwa mfuatano huo, kwa sababu ndivyo ilivyokwenda."