Twende Tukaogelee, kwa Kifini

Siku yangu ya kwanza kazini, Matroni wa nyumba ya wazee kule Overport alinikabidhi aproni, akanipeleka kitandani kwa babu mmoja na kuniambia, "Kabla hujamshika, mwambie unachotaka kufanya. Huyu si gunia." Nilikuwa nimefika Durban kutoka Burundi na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Nilimweleza yule babu kwa Kiswahili. Hakuelewa neno, lakini alinipa mkono.

Ninyi mnaoingia kazi ya utunzaji leo mna vitanda vya umeme. Sisi tuligeuza wazee kwa mikono, ubavu huu kisha ule, wasipate vidonda vya kulalia. Asiyeweza kusimama tulimfunga mkanda mpana kiunoni, tukamwinua kwa kuushika mkanda, si kwa kumvuta mabega. Mgongo wangu unakumbuka kila mmoja wao.

Baada ya miaka mingi pale nilihamia kwenye kampuni iliyopeleka watunzaji majumbani. Mratibu wetu alikuwa Mkenya, mwanamke wa maneno machache. Asubuhi moja aliniita.

"Mama Dorine, kuna gogo mmoja South Beach, Mfini. Ugonjwa wa kusahau umemchukua. Kiingereza kimeisha chote, amebaki na lugha ya kwao. Amekataa kuoga, na ukimlazimisha anauma. Mtoto wake akiona imeshindikana, atampeleka kwa ile wodi ya kufungiwa."

Gogo ni bibi kwa Kizulu, na hapa kila mzee wa kike tunamwita hivyo. Huyu aliitwa Gogo Aino. Aliishi ghorofa ya juu, mbele yake bahari tupu. Alikuwa mwembamba, mrefu, macho ya maji. Nilipofungua bomba la bafuni alishika mlango kwa mikono miwili na kupiga kelele kama mtu anayeibiwa. Nikafunga bomba. Akarudi dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo, akasema polepole, "Mennään uimaan."

Alisema hivyo tena kesho yake, na siku ya tatu. Nilidhani anamwita mtu, labda marehemu mumewe. Mwanawe alipopiga simu kutoka Johannesburg nilimuuliza, "Huyu Menani ni nani?"

Alinieleza kwamba si mtu. "Anasema twende tukaogelee. Tulikuwa na kibanda kando ya ziwa. Kila asubuhi ya kiangazi alisimama mlangoni na taulo begani, akasema hivyo."

Nikamwomba anifundishe. Alinisahihisha mara nyingi. Ile sauti ya mennään lazima ivutwe, kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Halafu akanieleza kwamba neno lao hubadilika mkia: uimaan ukiwa unakwenda kuogelea, uimassa ukiwa tayari majini. Nilijizoeza ndani ya taxi, yale mabasi madogo ya huku, hadi abiria wakanitazama.

Asubuhi iliyofuata sikutaja kuoga. Nilijaza maji ya vuguvugu, nikatupa taulo begani, nikasimama mlangoni. "Mennään uimaan, Gogo."

Aligeuka. Alinitazama kama mtu aliyesikia jina lake stesheni ya ugenini. Akaja mwenyewe, akavua nguo mwenyewe, akaingia majini. Akafumba macho na kusema, "Uimassa." Nami nikageuza uso ukutani, kwa sababu nilimwona mama yangu kule kwetu Rumonge, akituita kwa Kirundi kwenda Ziwa Tanganyika, sabuni mkononi: tugende kwoga, twende tukaoge. Hapa Durban hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Mwanawe alikuja mwisho wa mwezi. Wodi ilikuwa imeshamwekea mama nafasi, tangu zile siku za kukataa kuoga. Gogo alimpokea kwa adabu, kama fundi aliyekuja kutazama lifti. Yule bwana, mwenye mvi tayari, akaketi jikoni.

Nikamwambia, "Mwambie yale maneno. Mimi nasema kwa mdomo wa kuazima. Kwako wewe ni lugha yako."

Alichukua taulo. "Äiti," akasema, yaani mama, "mennään uimaan."

Gogo Aino alimtazama kwa muda mrefu. Hakumtaja jina. Akamrekebisha kola ya shati, akamshika mkono kama mtoto wa kuvushwa kwenye robot, taa za barabarani, wakashuka. Sheria ya kampuni haikuniruhusu kuingia majini na mteja, basi nilibaki mchangani na viatu vyao. Walikwenda kwenye vidimbwi vya watoto vilivyojengwa ufukweni, wakaketi na nguo zao, maji kiunoni. Niliona mgongo wa mwanamume ukitikisika na mkono wa mama ukimchotea maji mabegani.

Wodini Gogo hakwenda. Alifariki nyumbani kwake, amelala, mwaka ule niliostaafu.

Sasa nakaa kwa binti yangu, na siku hazina mtu wa kuinuliwa. Juzi dada yangu alipiga simu kutoka Rumonge. Ziwa limepanda, alisema, limemeza ule ufukwe wetu. Nilijikuta namwambia maneno ya mama: tugende kwoga.

Akacheka. "Kwa magoti haya?" Kisha akasema, "Njoo basi. Watoto wamepata ufukwe mwingine."

Binti yangu ananitafutia tiketi.