Mjomba wa Bandia katika Nyumba ya Sabuni

Kuna watu huaibika kwa wizi, kwa ulevi au kwa mapenzi. Mimi niliaibika kwa sababu ya nyumba ya watu, tena nyumba mbaya, na nawasimulia mwenyewe kwa kuwa picha yangu nikiwa na kanga kiunoni na stilwaya mkononi imeshazunguka kwenye makundi ya simu ya koo mbili za Morogoro na, kwa hisani ya mke wangu, ukoo wetu wote wa Tabora.

Nilipokuwa chuo, kampuni moja ya sabuni (siitaji, na wala haipo tena, povu lake lilishakauka) ilitangaza shindano. Ukusanye makaratasi ya kufungia sabuni, uyatume, uingie kwenye droo, ushinde Nyumba ya Ndoto iliyojengwa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Kwenye bango kulikuwa na ghorofa lenye nguzo nne nyeupe, simba wawili wa saruji getini, bwawa la kuogelea, na familia iliyokuwa ikicheka kama imetekenywa. Bumu langu (ile posho ya wanafunzi, kwa mliosahau) likaishia kwenye sabuni, nikafua mpaka mashati ya mwenzangu wa chumbani yakabaki nyuzi, na msichana niliyekuwa nikimfukuzia, ambaye leo ni mke wangu, Mama Neema, nikamwonyesha picha ile nikamwambia bila kupepesa macho, "Hapa ndipo tutakapozeekea."

Akaitazama. "Na hao simba nani atawalisha?"

Ningemsikiliza siku ile, leo nisingekuwa na la kusimulia. Nyumba ikaenda kwa muuza nyanya wa Mafiga. Nilinuna kwa miaka, nikiamini kabisa kwamba mama yule amekalia kiti changu, kwenye baraza yangu, akitazama milima yangu.

Sasa, miezi michache iliyopita tulikuwa tunatoka Dodoma kurudi Dar. Gairo tukanunua mfuko wa karanga, na tulipofika Morogoro Mama Neema akashuka Mafiga kumsalimia dada yake. Mimi nikasema nakwenda kutia mafuta. Nilikwenda Bigwa. Mwanamume mzima, mvi kichwani, mwandishi wa makala za kuwaonya wenzake kuhusu tamaa, nakwenda kuchungulia nyumba ya bahati nasibu!

Geti lilikuwa wazi. Uani kulikuwa na viti vya plastiki na watu waliovaa vizuri. Simba mmoja hakuwa na kichwa, na juu ya shingo yake palianikwa tambara la kudekia. Nikacheka kwa furaha ya uchoyo. Nikashuka na mfuko wangu wa karanga (ili nionekane nina shughuli), na binti mmoja akaja mbio, akapiga goti.

"Shikamoo. Umetoka Gairo?"

"Marahaba. Ndiyo, nimetoka Gairo."

Ni kweli tupu, hata mahakamani ningeapa. Lakini binti akapokea karanga, akageuka na kupiga kelele, "Mama! Mjomba kafika!" na vigelegele vikapasuka kutoka uani.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, "Samahani, mmenifananisha." Mimi nilitazama mlango mkubwa wa mbele uliokuwa ukifunguliwa kwa heshima yangu, mlango ambao niliununulia sabuni nikiwa kijana, nikanyamaza. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo.

Na mnajua desturi zetu: mgeni haulizwi jina kabla hajala, na mtu mzima ukishampa shikamoo huwezi tena kumwomba kitambulisho. Kochi likatolewa kupitia mlango ule, nikakalishwa uani. Nikaletewa wali na kuku. Nikala, tena nikaongezwa. Katikati ya paja la pili, kwa mazungumzo ya wazee, ndipo nikaelewa nimekaa wapi. Siku ile walikuwa wakipokea posa ya Zuhura, binti wa Bi Mwanahawa, yule yule muuza nyanya. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo bila mdomo wa mjomba hakuna ndiyo. Kaka yake Bi Mwanahawa alikuwa amefariki, na nafasi yake ukoo ulimpa ndugu yao aliyehamia Gairo tangu mdogo, ambaye pale nyumbani walikuwa wakimjua kwa simu tu. Mbele yangu alikaa mshenga, Mzee Kibwana wa Ngerengere, mwavuli umesimamishwa katikati ya magoti kama bunduki.

"Mara ya kwanza tulirudishwa kwa kuwa mjomba hayupo," akasema. "Tukashukuru, tukaondoka. Leo tukirudi bila jibu, haturudi tena."

Kwenye pazia la mlango wa korido niliona nusu ya uso wa Zuhura na jicho moja linalonitazama mimi. Mimi! Nikarudisha paja la kuku sahanini.

Badala ya kukimbia, mnajua nilisema nini? Nilisema, "Kabla sijatoa jibu, naomba kuiona nyumba ambamo mtoto wetu amelelewa." Wazee wakatikisa vichwa, wakasema huyu ndiye mjomba. Bi Mwanahawa akanitembeza.

Ndugu zangu, nyumba ile ni takataka. Ilijengwa ili ipigwe picha. Nguzo hazijabeba kitu, ukizigonga zinalia kama debe. Ukuta mzima wa sebule ni kioo kilichoelekea jua la mchana, kwa hiyo samani zimefunikwa mashuka na watu wanakaa uani. Baraza ya juu, ile niliyopanga kuandikia vitabu, haina mlango. Mtu anapanda kwa ngazi kutoka nje. Jikoni hamna pa kutokea moshi, ndiyo maana kuku niliyemla alipikwa kwenye mafiga nyuma ya nyumba. Na bwawa la kuogelea limepandwa magimbi, yamestawi vizuri sana, ndicho kitu pekee chenye manufaa kwenye ua ule.

"Kaka, mimi ni mlinzi wa hii nyumba," Bi Mwanahawa akasema. "Nalala kile chumba cha uani, nilikijenga mwenyewe. Humu ndani nikilala naota naungua." Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Kaka, nakuomba, mbele ya wageni usinikazie. Mtoto anampenda yule kijana. Akiikosa posa hii sijui nitamwangaliaje."

Alinishika mkono. Nilitamani bwawa lile lingekuwa na maji, nijitose.

Tukarudi uani. Mzee Kibwana akasema, "Mjomba, tunasubiri mdomo wako." Nikasimama. Nilitaka kusema neno moja na kutoweka, lakini elimu ya chuo ni ugonjwa, nikaanza hotuba. Nikasema ndoa si nguzo nyeupe, ndoa si bango. Nilikuwa nimefika kwenye sabuni (sijui niliingiaje huko) simu ya Bi Mwanahawa ilipolia, naye akaipokea kwa spika maana masikio yake si mazuri.

"Dada, nisamehe, simu ilizima chaji! Bado niko Gairo, basi limetuharibikia tangu asubuhi!"

Nyuso zote zikanigeukia. Kuku mmoja, ndugu wa marehemu niliyemla, akapita uani akilia, na hakuna aliyemfukuza.

Mzee Kibwana akasimama na mwavuli wake. "Mara ya kwanza mlisema mjomba hayupo. Leo mmetukodishia!"

"Tapeli!" mtu akapiga kelele.

"Dalali huyo, kaja kupima nyumba!"

"Na wali kala!" mama mmoja akalia kwa uchungu. "Tena kaongezwa!"

Nikasema ukweli, kwamba nilikuja kuiangalia nyumba tu kwa kuwa niliikosa kwenye shindano nikiwa kijana, na jinsi ukweli ule ulivyosikika, hata mimi nisingeuamini. Watu wa Ngerengere walishaanza kuelekea getini. Kwenye korido pazia lilikuwa limefungwa, na nyuma yake nikasikia mtu analia.

"Huyo mtu ni kabila gani?" sauti ya Gairo ikauliza kwenye simu.

"Mnyamwezi," nikajibu, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Kisha simu ikacheka. "Mtani! Mfungieni geti! Babu zake walipita huku na mizigo ya watu kichwani, yeye anataka kupita na wali wetu tumboni!"

Ua mzima ukalipuka. Mzee Kibwana, aliyekuwa amefika kwa simba asiye na kichwa, akageuka taratibu. Mluguru na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na jambo alilofanya mtani, liwe la kipumbavu kiasi gani, halihesabiwi kuwa tusi, linatozwa faini. Akarudi, akakaa, akalaza mwavuli chini. "Kama ni mtani," akasema akifuta macho, "hapa hatujatukanwa. Hata sisi wa Ngerengere tunamdai."

Hukumu ikatoka kwenye spika. Mjomba wa kweli aseme, mimi nirudie kwa sauti nikiwa nimevaa kanga, kisha nioshe vyombo vyote vya shughuli. Nikafungwa kanga. Simu ikasema, mimi nikapaza, "Ukoo umesikia! Ukoo umekubali! Zuhura ni wenu, na mkimliza tutawaletea Mnyamwezi awamalizie chakula!" Vigelegele vilivyofuata nadhani walivisikia mpaka juu mlimani. Zuhura akatoka nyuma ya pazia, macho mekundu, meno yote nje, na baadaye, kwenye vyombo, ndiye aliyenipiga ile picha.

Masufuria ya mafiga, kwa wasioyajua, yana masizi kama lami. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya magimbi, suruali imelowa, nikisugua la wali kwa stilwaya, niliposikia viatu ninavyovijua. Mama Neema alikuwa amechoka kupiga simu, na hakuhitaji mganga kujua nimekwenda wapi. Akamtazama simba. Akazitazama nguzo. Akanitazama mimi na kanga yangu.

"Baba Neema," akasema, "si uliniambia hapa ndipo tutakapozeekea? Naona umeanza bila mimi."

Akavuta kiti, akaletewa wali.

Tangu siku hiyo nimeapa: nikiona geti la watu liko wazi, natazama barabara, na nikiulizwa nimetoka wapi, naanza kutaja jina, kabila na ujinga wangu. Harusi ni baada ya mavuno. Tumealikwa wote wawili, mke wangu kama mgeni wa heshima. Mimi nimeambiwa nije mapema, na stilwaya yangu.