Ngoma ya baba mudogo ndani ya ordinatere

Jamani, sikieni ya leo.

Baba mudogo Saidi alikuwa na ngoma ya mti, ile ya kuita watu kwa majina, hata walio mbali shambani. Ilipasuka mwaka jana, lakini nilikuwa nimesharekodi sauti zake mbili, ya juu na ya chini. Leo nikaziweka ku klavye ya ordinatere, ile kompyuta yangu, kila sauti ku kitufe chake.

Baba mudogo akabonyeza kwa mikono miwili. "Hii haisemi kitu!"

Kumbe nilizigeuza, ya kushoto nikaiweka kuume! Sauti ya juu ni ya mukono wake wa kushoto. Nikabadilisha, nikafungulia bafle, ile spika kubwa, sauti yote.

Akabonyeza tena.

Kidogo tu, bibi yake wa ndoa, mama mudogo Zaina, akatokea shambani mbio, jembe mukononi: "Saidi, uliniita?"



Mama mudogo hata ordinatere hakuiangalia. "Sasa mbona ulinyamaza mwaka muzima?"

Ninyi mungejibu nini?